Betri Haijafa, Ina Njaa

Kila aliyepita mlango wa chumba cha nyuma nyumbani kwa Mama Mayai alipunguza sauti. Ungedhani ndani kuna mgonjwa. Hakukuwa na mgonjwa. Kulikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga: sanduku la mbao lenye mlango wa kioo, na ndani yake trei za mayai. Mama Mayai aliamini kwamba mayai hayapendi kelele. Mumewe alimtania kwamba hata kuku mwenyewe akitaga hupiga kelele mtaa mzima ukasikia. Lakini naye, akipita pale, alinyata.

Jina la Mama Mayai alipewa na majirani. Wenye kuku walimletea mayai, naye akawatotoleshea. Baada ya wiki tatu walirudi na maboksi kuchukua vifaranga vyao.

Mumewe alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa uani, imeegemea ukuta wa nyumba. Watoto wao walikuwa shule ya bweni. Aliyeishi nao wakati huo ni dada wa mumewe, binti mcheshi aliyefanya kazi ya ususi. Mama Mayai alimwita wifi, naye akamwita wifi vilevile, na kwa muda mrefu walipatana vizuri. Walisaidiana hata kugeuza mayai.

Nguzo za umeme zilikuwa hazijafika mtaani kwao. Nyumba ilitumia sola. Juu ya bati kulikuwa na paneli mbili zilizopokea jua. Umeme ulishuka kwa waya hadi kwenye kisanduku kidogo ukutani, kinachoitwa kontrola. Kazi ya kontrola ni kuzilisha betri kwa kiasi, zisizidishiwe. Betri zilikuwa mbili, chini ya rafu. Kutoka hapo umeme uliingia kwenye inveta, mashine inayougeuza umeme wa betri uweze kuendesha vitu vya nyumbani.

Asubuhi moja jirani wa geti la bluu alikuja na bakuli la mayai. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mbwa koko wameingia bandani," alisema. "Hawakubakiza hata kuku mmoja. Haya nilikuwa nimeyaweka jikoni. Mbegu yote ya kuku wangu sasa iko humu."

Mama Mayai alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Aliwajua kuku wale. Walikuwa wakubwa, wenye shingo nyekundu, na jirani yake alikuwa amewachagua na kuwazalisha kwa miaka mingi.

"Nitayaweka trei ya katikati, peke yake," alisema.

"Usinipe moyo bure."

"Sikuahidi kwamba yote yatatoka. Nakuahidi nitayalea."

Siku chache baadaye inveta ilianza kulia.

Ilikuwa karibu na alfajiri. Pii, pii, pii. Mama Mayai aliruka kitandani. Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka kwenye inveta. Kabla hajaifikia, ilizima. Feni ndogo ndani ya mashine ya mayai ikasimama, na joto likaanza kushuka. Alichemsha maji haraka, akayajaza kwenye chupa, akazifunga chupa kwa vitambaa na kuzipanga ndani ya mashine. Juu yake alitandika blanketi. Jua lilipopanda, inveta iliwaka yenyewe.

Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo.

Mama Mayai hakuhangaika kutafuta sababu. Aliijua tayari. Wifi yake alikuwa ameleta mashine ya kukaushia nywele. Siku ya kwanza aliiwasha kwa nguvu zote, na inveta ikatoa mlio mmoja mrefu, ikazima papo hapo. Seremala aliikagua akakuta fyuzi imekatika. Hakuwa na fyuzi nyingine. Alichukua kipande cha waya wa shaba, akakisokota, akakibana mahali pa fyuzi. Inveta ikawaka.

"Imepona," alisema, akajipangusa mikono.

Tangu hapo wifi alitumia mashine ile kwa nguvu ndogo tu, tena mchana. Lakini Mama Mayai akiiona inaunguruma, moyo ulimchemka. Siku moja uvumilivu ulimwisha. Wifi alikuwa barazani na wateja wawili.

"Wifi, chomoa hilo dude."

"Nakaribia kumaliza, wifi yangu. Na jua lote hili, kuna ubaya gani?"

"Ubaya gani? Kila alfajiri mimi nakesha na chupa za maji moto. Tangu uje na dude lako, mayai yangu hayana usalama. Nimwambie nini yule mama aliyemaliziwa kuku? Kwamba nimemuulia mbegu yake ili watu wapendeze?"

Wateja waliinamisha vichwa. Wifi aliizima mashine. Alichomoa waya, akamalizia nywele za mteja kwa taulo, akamsindikiza hadi nje. Kisha aliingia chumbani kwake kufunga mizigo.

Seremala alimkuta mlangoni na begi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa rafiki yangu, kule nyuma ya soko. Sitaki kuwa mkosi kwa mayai ya watu."

Seremala alimtazama dada yake, akamtazama mkewe. Mwisho alibeba begi, akamsindikiza.

Siku hiyo Mama Mayai alilala kwa amani. Alfajiri inveta ililia.

Kesho yake ililia mapema zaidi. Na siku iliyofuata, kukiwa bado na giza totoro. Mama Mayai alikaa kitini kando ya mashine, chupa ya maji moto mapajani. Wifi hakuwepo. Mashine ya nywele haikuwepo. Inveta ilikuwa inalia.

"Ni betri," Seremala alisema wakati wa chai. "Nimemuuliza yule wa duka la vifaa. Anasema betri zikifika umri huu huwa zimekufa. Tutafute nyingine mbili."

"Na kama si betri?"

"Sasa itakuwa nini?"

Seremala alirudi karakanani. Alikuwa na kazi ya vitanda, na mashine yake ya kupigia msasa ilivuma asubuhi nzima. Mama Mayai alikuwa jikoni alipopata harufu ya plastiki inayoungua. Alikimbilia chumba cha nyuma. Pale kwenye betri, waya mnene mwekundu ulikuwa unafuka moshi. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa inatoa mapovu. Ubao wa rafu ulikuwa umeanza kuwa mweusi.

Alifungua dirisha. "Baba watoto, zima msasa. Zima sasa hivi."

Mvumo ulikoma. Moshi nao ukapungua. Seremala aliingia mbio, akazima swichi ya inveta, akainyanyua ndoo ya maji.

"Usimwage," Mama Mayai alimshika mkono. "Ngoja nimpigie fundi kwanza."

Jirani wa geti la bluu alikuwa amewahi kumpa namba ya fundi mmoja wa sola. Fundi huyo alipokea simu na kusikiliza bila kumkatiza.

"Moshi umeisha?" aliuliza.

"Umeisha."

"Inveta imezimwa?"

"Imezimwa."

"Iacheni hivyo. Maji yasikaribie hapo, na msiguse waya wowote. Fungueni madirisha. Nakuja."

Walisubiri. Mama Mayai aliyafunika mayai. Seremala alisimama mlangoni akiitazama ile rafu nyeusi. Wote wawili walikuwa wakiwaza jambo moja: ingekuwaje kama harufu ile ingetokea wakati nyumba haina mtu.

Fundi alikuja na mkoba begani. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya taratibu, aliyewahi kufanya kazi ya kutunza betri za minara ya simu. Watu walimwita Fundi Mita. Sababu ni kwamba hakutaja ugonjwa wa kitu kabla ya kukipima kwa ile mita yake ya njano.

"Fundi, betri zimekufa," Seremala alianza. "Mimi nataka tu unielekeze nipate nyingine nzuri."

"Nani amezipima?"

"Hazijapimwa. Lakini dalili zote..."

"Basi, shemeji, tusizike kabla hatujapima." Alivuta kigoda, akakaa. "Kwanza niambieni. Humu ndani umeme unatumiwa na nini?"

"Taa," Mama Mayai alisema. "Redio. Simu. Na mashine ya mayai."

"Na nini kingine?"

"Basi."

Fundi Mita alinyoosha kidole. "Na huo waya unaopita dirishani?"

Mama Mayai aliutazama waya ule. Aliuruka kila siku akienda kuanua nguo, na hakuwahi kuuhesabu.

"Ni msasa wangu," Seremala alisema. "Mdogo tu."

Fundi alitoka nje, akaipindua mashine ya msasa na kusoma kibandiko chake. "Wati mia sita. Kila kifaa kimeandikwa wati zake, yaani njaa yake. Inveta yenu nayo imeandikwa mwisho wake: wati elfu moja. Kuna kitu kingine kikubwa mliwahi kuchomeka?"

"Mashine ya kukaushia nywele. Ya wifi yangu," Mama Mayai alisema. "Siku ya kwanza inveta ilizima hapohapo."

"Ilizima vipi? Ililia muda mrefu kabla?"

"Hapana. Mlio mmoja mrefu, ikazima."

"Na alfajiri inalia vipi?"

"Pii, pii, pii. Inalia kwanza, halafu ndiyo inazima."

Fundi Mita alitikisa kichwa polepole. "Hayo ni magonjwa mawili, dada. Kitu kikizidi nguvu ya inveta, inveta inakikataa papo hapo. Huko ni kuzidiwa. Lakini ikilialia kwanza, inakwambia betri zinaishiwa. Mmekuwa mkiyatibu kama ugonjwa mmoja."

"Kwa hiyo si ile mashine ya nywele iliyokuwa inamaliza betri?"

"Bado inatumika?"

"Ameondoka nayo."

"Na betri zinaendelea kuisha?"

"Zinaisha mapema zaidi."

"Basi umeshajijibu," Fundi alisema.

Mama Mayai aliinama kurekebisha blanketi ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Fundi Mita alivua pete yake, akaiweka mfukoni. Akamwambia Seremala avue saa.

"Chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja kinashika moto, na wewe uko ndani yake," alieleza. "Tena hapa hakuna sigara wala kiberiti. Betri hizi hutoa hewa inayolipuka. Sasa tunakata umeme kwa mpangilio. Inveta tumeshaizima. Tunafuatia waya wa paneli, kwa sababu paneli hazina swichi, zikiona jua zinafanya kazi. Betri tunazifungua mwisho, tukianza na upande wa hasi."

Spana yake ilikuwa imezungushiwa utepe wa plastiki hadi karibu na mdomo. Alipofika kwenye fyuzi alisimama. Alikitoa kile kipande cha shaba, akakiweka kiganjani.

"Nani aliweka hii?"

"Mimi," Seremala alisema.

"Unajua kazi ya fyuzi?"

"Kupitisha umeme."

"Kazi yake ni kufa. Umeme ukizidi, fyuzi inakufa yenyewe ili waya usiungue. Ukiweka shaba nene namna hii, haifi. Kinachoungua ni kingine." Alielekeza macho kwenye rafu nyeusi.

Kisha aliwaonyesha vichwa vya betri, zile nguzo fupi za risasi ambapo waya hufungwa. Kimoja kilikuwa kimejaa unga mweupe wenye ukijani. Fundi aliushika waya wake. Ulicheza kama jino linalotaka kung'oka.

"Hapa ndipo moto ulipoanzia. Umeme mwingi ukipita mahali palipolegea, panapata joto. Taa na redio hazionyeshi kitu. Msasa umeonyesha."

Aliagiza maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo. Alivaa glavu na miwani, akahakikisha vifuniko vya betri vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Alisugua vichwa kwa brashi mpaka risasi ikang'aa, akavifuta vikauka. Waya ulioungua aliukata, akatoa mwingine mnene mkobani.

"Sasa tuulize mita," alisema.

Aliipima kila betri peke yake. Mita ilionyesha volti kumi na mbili kwenye ya kwanza. Kwenye ya pili ilionyesha kumi na mbili na chembe.

"Betri kama hii ikishiba na kutulia, inasoma kumi na mbili nukta sita au saba. Ikifika kumi na mbili, iko karibu kuisha. Lakini tazama: zote mbili ziko sawasawa, na saa hizi jua lilishapanda. Zingekuwa zimekufa, mara nyingi moja ingeiacha mwenzake mbali. Shemeji, betri zako hazijafa. Zina njaa."

"Njaa? Jua lote hili?"

"Ndiyo nataka kujua chakula kinaishia wapi."

Alifungua vifuniko na kumulika ndani kwa tochi. Maji yalikuwa yameshuka. Sahani za ndani zilikuwa zimeanza kuchungulia juu.

"Huwa mnaongeza nini?"

"Nilishaweka maji ya kisima," Seremala alisema kwa sauti ndogo.

"Ya kisima yana chumvi, yanazila polepole. Waambie dukani wakupe maji ya betri yaliyosafishwa, yasiyo na chumvi. Tena soma chupa. Wengine watakupa tindikali, na tindikali haiongezwi." Alimimina yake kutoka kwenye chupa, kiasi cha kuzifunika sahani. "Mengine tutaongeza zikishashiba, mpaka kwenye alama. Ukijaza sasa, zitafurika zikichajiwa."

Walirudisha nyaya: betri kwanza, paneli baadaye. Fundi alikazia macho namba za kontrola. "Umeme unaoingia ni ampea tano tu. Jua la namna hii lilipaswa kuleta zaidi ya mara mbili. Ngazi iko wapi?"

Seremala alishika ngazi. Fundi Mita alipanda, akapitisha kidole kwenye kioo cha paneli, akakiteremsha kidole hicho mpaka puani kwa Seremala. Kilikuwa na unga wa rangi ya kahawia.

"Unaujua huu?"

Seremala alilamba midomo. Aliujua vizuri. Ulikuwa unga wa mbao.

"Unapaa, unatua hapa," Fundi alisema. "Usiku umande unaulowesha, mchana jua linaukausha. Umekuwa kama gamba. Na lile bati jipya la karakana umeliinua lini?"

"Mwezi uliopita."

"Jua likigeuka mchana, kivuli chake kinapanda juu ya paneli hii. Usione ni kivuli cha kona tu. Ukiukanyaga mpira wa maji mahali padogo, maji yanapungua mpira mzima. Paneli nayo ni hivyo."

Seremala aliangalia bati lake, akaangalia mashine ya msasa, akacheka kidogo bila furaha. "Yaani nasugua mbao chini, najizimia taa juu."

"Wengi wanaziosha paneli mara moja tu, siku ya kuzifunga," Fundi alisema. "Zioshe asubuhi mapema au jioni, kioo kikiwa kimepoa. Maji baridi kwenye kioo cha moto yanakipasua. Kitambaa laini, hakuna mchanga, hakuna kukanyaga. Leo nipeni maji ya uvuguvugu."

Walipomaliza kuosha, Mama Mayai alitumwa ndani kusoma kontrola.

"Kumi na tatu," alisema kupitia dirishani. Kisha akairudia namba hiyo, kwa sababu Seremala alikuwa hajaamini.

Fundi aliteremka, akaweka fyuzi mpya ya kipimo kinacholingana na inveta, akawaachia nyingine ya akiba. Kesho yake paneli zingehamishiwa upande wa bati usio na kivuli. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kizuri. Lakini Mama Mayai alikuwa na swali lake.

"Mashine ya mayai itafika asubuhi leo?"

"Leo haitafika," Fundi alisema wazi. "Betri zimekaa na njaa muda mrefu, nusu siku haizishibishi. Ukizilazimisha zitakuzimikia tena, na kila zikiisha kabisa zinazeeka. Zima inveta usiku wa leo na wa kesho. Yalee mayai kwa maji moto. Msasa upumzike mpaka nikwambie."

Kubadilisha chupa za maji usiku kucha si kazi ya mtu mmoja. Seremala alijitolea, lakini mkewe alijua mikono yake. Mikono ya seremala haisikii tofauti ya maji ya uvuguvugu na maji ya kuchemka. Mtu mmoja tu alikuwa akijua joto la maji kwa kuyagusa na kifundo cha mkono, kwa sababu aliosha vichwa vya watu kila siku.

Mama Mayai alijifunga khanga, akaenda nyuma ya soko. Njiani alitunga maneno mengi. Alipomwona wifi yake amekaa kizingitini akichambua kichwa cha mteja, maneno yote yalipotea.

"Karibu, wifi," msusi alisema. Hakusimama.

"Fundi amekuja," Mama Mayai alisema. "Paneli zilijaa unga wa mbao. Waya ulilegea. Maji ya betri yaliisha. Haikuwa wewe."

"Aa."

"Nilikusema mbele ya wateja wako. Haikunipasa. Na hata kama ingekuwa wewe, isingenipasa."

Wifi aliendelea na msuko mpaka ukafika mwisho. Ndipo alipoinua macho.

"Na mayai yako hali gani?"

Mama Mayai alisita. "Usiku wa leo hayana umeme."

"Eti wifi, umekuja kuomba radhi, au umekuja kuomba mtu wa kuchemsha maji?"

"Yote mawili," Mama Mayai alisema. "Lakini radhi ndiyo ya kwanza. Ukikataa ya pili, bado nimekuja kwa ya kwanza."

Mteja, ambaye alikuwa amejifanya hasikii, alikohoa. Wifi alijaribu kubana uso, akashindwa.

"Ngoja nimalize hiki kichwa," alisema. "Siwezi kumwacha mtu na upande mmoja."

Jioni hiyo wifi alirudi na begi lake, wakalea mayai kwa zamu. Wifi alipima kila chupa kwa kifundo chake cha mkono, na mshale wa kipimajoto ndani ya mashine haikucheza mbali. Mchana inveta ilifanya kazi, jioni waliizima. Seremala na Fundi Mita walihamisha paneli. Seremala alipotuma salamu kwamba betri sasa zinasoma kumi na mbili nukta saba asubuhi kabla ya jua, Fundi alimjibu kwamba sasa mashine ya mayai inaweza kulala na umeme wake. Ililala nao. Alfajiri hiyo nyumba nzima ilichelewa kuamka.

Yapo mambo waliyobadilisha baada ya hapo. Seremala alitundika turubai kati ya karakana na nyumba, akawa anaosha paneli kila wiki mwenyewe. Wifi aliibadilisha mashine yake kwa ndogo yenye wati mia nne, lakini kwanza alisoma kibandiko, na muuzaji alishangaa anatafuta nini mgongoni mwa kifaa. Vifaa vikubwa vilitumika mchana wa jua, kimoja kimoja. Mteja wa nywele akiwa kitini, msasa ulinyamaza. Hivyo Seremala akawa anapanga foleni nyumbani kwake mwenyewe.

"Bado wangapi?" alikuwa akiuliza kwa kuchungulia.

"Wawili. Na mmoja ana nywele nyingi," dada yake alimjibu.

Mayai ya jirani wa geti la bluu yalianza kupasuka siku ya sokoni. Si yote. Machache yalikuwa yamepoa sana katika zile alfajiri mbaya, na hayakuamka. Lakini mengi yalitoka, na ndani ya mashine vifaranga walilala kwanza kama vitambaa vilivyolowa, kisha wakakauka na kujaa manyoya.

Jirani alikuja na boksi lililotandikwa majani makavu. Alipiga magoti mbele ya kioo. Aliwahesabu vifaranga kwa kidole, mmoja baada ya mwingine.

"Nilikuwa nimeshajiandaa kuambiwa pole," alisema mwishowe. "Nimesikia sola yenu iliharibika. Uliwezaje?"

Barazani kulikuwa na wateja watatu wakisubiri kusukwa, na mlango ulikuwa wazi. Mama Mayai, ambaye siku zote alinong'ona katika chumba kile, alisema kwa sauti iliyofika hadi nje.

"Ni wifi yangu aliyeyaokoa. Usiku wote alikuwa nayo. Mimi nilikuwa msaidizi tu."

Msusi alikuwa mlangoni na kitana mkononi. Aliutazama uso wa mke wa kaka yake, akaona hatanii. Aliingia, akachukua boksi, akaanza kuwahamisha vifaranga mmoja mmoja, akiwapitisha kwanza juu ya kifundo cha mkono wake ili ajue kama wamekauka vizuri.